Fundi Cherehani wa Bukavu Aliyeivisha Ndege Nguo Mara Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi, nyasi za uwanja mdogo wa ndege nje ya Columbus, Ohio, Marekani, bado zimelowa umande, na Emérence Nabintu amelala chali chini ya tumbo la ndege. Ametandika mfuko mkubwa wa plastiki chini ya mgongo. Mkononi ana kitambaa laini cha pamba, na anafuta matone ya maji kwenye rangi ya krimu moja baada ya jingine, kama mama anayemfuta mtoto pua kabla ya kupigwa picha.

"Zéphyrin, leta ile ingine, hii imelowana," anamwambia mumewe bila kugeuka.

Zéphyrin analeta. Asubuhi hii hakuna anayebishana na Emérence. Majaji wa maonyesho ya ndege za kale wataanza kupita baada ya chai, na ndege hii ya viti viwili iliyotengenezwa mwaka 1946 ndiyo ya kwanza ambayo nguo yake, kuanzia pua hadi mkia, ameishona yeye.

Ndiyo, nguo. Sisi tuliozoea kuziona ndege kutoka vyumba vya abiria tunadhani ndege zote ni bati. Nyingi ya hizi ndogo za zamani ni mifupa ya chuma na mbao iliyofunikwa kitambaa, kisha kitambaa kikakazwa kwa pasi na kupakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma.

Kinachosubiriwa hapa si kikombe tu. Mzee Dwight Hornback, fundi mwenye leseni aliyemfundisha Emérence kazi hii, ana miaka sabini na minne na anafunga karakana yake ya Louisville mwisho wa mwaka. Wenye ndege za kale hawamkabidhi ndege mtu wasiyemjua. Humfuata fundi ambaye kazi yake imeshinda mbele ya majaji. Ikishinda hii, Emérence atapata wateja wake mwenyewe na kuagana na ghala la vifurushi anakofanya kazi kwa dola kumi na tisa kwa saa. Isiposhinda, Januari itamkuta palepale, akipanga maboksi yanayopita kwenye mkanda.

"Sikulala," anasema, akiinuka na kujikung'uta nyasi kwenye sketi yake ya kitenge. "Zéphyrin alilala. Wanaume banalala tu, hata ndege ikiungua."

*

Emérence ana miaka arobaini na minane. Alizaliwa Bukavu, na ushonaji alijifunza sokoni Kadutu kwa shangazi yake, ambaye hakumruhusu kugusa kitambaa cha mteja mpaka aweze kushona mstari ulionyooka huku akizungumza na watu. Vita vilimfukuza hadi Uvira, kisha Burundi. Kambini alishona sare za shule na nguo za kwaya, na huko ndiko alikokutana na Zéphyrin, aliyemletea suruali moja kupunguzwa na kurudi nayo mara nne bila sababu ya maana.

Walifika Louisville miaka tisa iliyopita. Kama Wakongo wengi wa mji huo, walianzia kwenye maghala. Zéphyrin aliendesha mashine ya kubebea mizigo, naye Emérence akawekwa kwenye mkanda.

Wiki ya tatu, watu wa kanisa moja la mtaani waliwaletea samani. Aliyeendesha gari alikuwa Hornback, na juu ya kochi alikuwa ameweka cherehani ya marehemu mke wake. Aliwaonya kwa ishara kwamba imekufa.

Emérence hakungoja kochi liingie mlangoni. Alikaa sakafuni, akafungua sehemu ya chini, akachokoa uzi uliogandamana na mafuta ya zamani, akapuliza, akazungusha gurudumu kwa mkono. Halafu akachukua gazeti la matangazo lililokuwa mlangoni na kulipitisha chini ya sindano kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Mstari ule ulikuwa umenyooka kabisa," anasema Hornback, mtu mrefu mwenye nyusi nene anayezungumza taratibu kwa Kiingereza cha Kentucky. "Nililichukua gazeti nikaenda nalo nyumbani. Cherehani ile ndiyo mke wangu aliyoshonea ndege kwa miaka thelathini. Tangu afariki sikuwa nimepata mtu."

Mwezi uliofuata alirudi na mkalimani na ombi ambalo Zéphyrin alidhani ni utani.

"Yule mukalimani akasema, mzee anataka bibi yako ashone ndege," anakumbuka Zéphyrin. "Nikamwambia, bon, muulize tena. Pengine anasema kanzu."

*

Kwa miaka kadhaa Emérence alishona mabawa tu, Jumamosi na jioni baada ya zamu. Kazi ya mabawa ni ya mkono. Kitambaa hufungwa kwenye mbavu za bawa kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo, kwa sindano ndefu inayoingia juu na kutokea chini. Inahitaji watu wawili, mmoja kila upande, na wa pili akawa Zéphyrin.

"Mimi niko fundi wa chini," anajitambulisha mumewe, na hasemi kwa unyonge. "Anatuma sindano, ninairudisha. Tukigombana nyumbani, tukifika ku bawa lazima tuongee, sababu sindano haingoji mutu mwenye kununa."

Hornback anasema katika karakana yake hajawahi kuona mafundo yanayolingana kama ya wawili hawa. Lakini mwili wa ndege, ambao kitambaa chake hushonwa kwa mashine kama soksi ndefu na kuvutwa juu ya fremu, aliendelea kuushona mwenyewe. Ndipo ikaja ndege ya Ombati.

Ombati ni mfamasia mwenye miaka arobaini na mitatu, anayeishi Kenmore, kaskazini mwa Buffalo. Alitoka Kisii kuja kusoma, akabaki. Utotoni alikuwa akikimbia hadi uwanja wa Suneka kila aliposikia mlio wa ndege ndogo ya daktari, na alipopata mshahara wake wa kwanza wa maana alijiandikisha kwa mwalimu wa urubani kabla ya kununua kitanda kizuri. Hii ndege aliikuta kwenye banda la mkulima kusini mwa Buffalo, panya wamekula nguo yake yote na kuku wanataga kwenye kiti cha rubani.

"Wife yangu Nyanchama anaiita co-wife," anasema akicheka, sebuleni kwake Kenmore. "Ati mke mwenza anakula pesa na hapiki. Lakini mimi niliiona tu nikajua, this one itaruka tena."

Aliikokota kwa trela hadi Louisville, kwa kuwa Hornback anaifahamu aina hiyo kama kiganja chake. Kumkuta fundi anayeongea Kiswahili hakukutegemea hata kidogo. Wanaelewana vizuri, ingawa kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayeharibu lugha.

"Ananiita Papa Ombati," analalamika. "Na mimi ni mdogo wake! Nikamwambia, Mama, niite tu Ombati. Akasema sawa, Papa."

Kipindi hicho Hornback alikuwa anasubiri upasuaji wa jicho. Alimkabidhi Emérence mwili wa ndege, mara ya kwanza, akaenda hospitali.

*

Hapo ndipo ufundi wa Bukavu ulipomponza.

Kadutu, fundi hashoni nguo ya leo tu. Mteja huleta kitenge chake mwenyewe, na fundi huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, vidole viwili au vitatu, akikikunja kisionekane. Mteja akinenepa, akijifungua, au akimpa mdogo wake gauni, atarudi, na fundi atafumua na kuachia. Wenyewe huiita akiba. Fundi asiyeiacha, watu husema amekula kitambaa cha mteja, na maneno hayo yakishaenea sokoni, bora ahame.

Emérence alishona mwili mzima wa ndege, kuanzia shingoni hadi mkiani, akiacha akiba ya vidole vitatu.

"Sikuwaza," anasema, na hata sasa anajishika shavu. "Ni mikono. Mikono ilisema, hii nguo ni kubwa, mwenyewe ni mutu wa heshima, tumuachie akiba ya kutosha."

Kitambaa cha ndege kikipata joto husinyaa na kukaza. Alipopitisha pasi, akiba iliyokunjwa ndani nayo ilisinyaa, ikajikusanya. Kwa macho ya kawaida haikuonekana. Akapaka tabaka za kwanza, akafurahi, akampigia Ombati picha na kumtumia.

Hornback alirudi mwezi Machi, jicho limepona. Alizima taa za karakana, akawasha tochi, akailaza ubavuni mwa tumbo la ndege. Mstari mnene kama kidole ukajitokeza katikati, urefu wote.

"Nilimweleza kwamba ni imara," anasema mzee. "Imara kuliko inavyotakiwa. Ningeitia sahihi ya kuiruhusu kuruka siku hiyohiyo na kulala usingizi mzuri. Isingeanguka kwa ajili ya mshono ule."

Lakini jaji angeuona. Majaji wa maonyesho haya huanza na alama zote na kuzipunguza kila wanapokuta dosari, na nundu ya urefu wa ndege nzima si dosari ndogo. Siku zilizobaki hazikutosha kwa urahisi. Hornback alimwachia Emérence aamue. Ombati, kwa simu kutoka Kenmore, yeye hakutaka ifumuliwe.

"Nilimwambia, Mama, please, achana nayo. It's under the belly! Nani atalala chini aangalie?"

Emérence anakumbuka alivyomjibu. "Nikamuuliza, Papa Ombati, majaji banalala chini ao habalali? Akasema, banalala. Nikasema, basi."

Jumamosi iliyofuata alichukua wembe na kulichana tumbo la ndege kutoka mbele hadi nyuma.

Zéphyrin hakuweza kutazama. "Nilitoka inje. Donc, kazi ya miezi, mutu anaipasua na mukono yake mwenyewe! Nilisikia ile sauti ya kitambaa, krrr, nikatembea mpaka ku barabara."

Kitambaa cha pili Emérence alikinunua mwenyewe, na Ombati alipotaka kuchangia alikatazwa kwa sauti ambayo anasema hajaisikia tangu alipokuwa shule ya msingi. Kila siku baada ya zamu walikwenda moja kwa moja karakana, wakala mkate na maharagwe juu ya boksi la vifaa, wakashona. Kushona hakukuwa kugumu. Kilichomshinda kilikuwa kukata.

"Ninaweka chaki ku kidole moja, mukasi inaenda ku tatu," anasema. "Miaka makumi tatu mukono unajua kitu kimoja. Unaukataza, unakuona kama mugeni."

Mwishowe alimkalisha Zéphyrin upande wa pili wa meza awe mlinzi. Kila mkasi ulipopotoka, Zéphyrin alipiga kelele: "Haiko mutu, Emérence! Haitanenepa! Haitazaa!" Hornback hakuelewa neno hata moja, lakini anasema baada ya siku mbili naye alikuwa anazipiga kelele hizo.

Walimaliza wiki moja kabla ya maonyesho. Ombati alikuja kuichukua, akairusha mwenyewe hadi Columbus kwa chini kidogo ya saa tatu angani. Emérence na Zéphyrin walifuata kwa gari pamoja na Hornback, na njia nzima mama alikuwa akichungulia mawingu.

*

Majaji ni watatu. Wawili wanaanzia kwenye injini, wanauliza kuhusu boliti, wanapiga tochi chini ya kiti, wanalinganisha rangi na picha za zamani ambazo Ombati amezipanga mezani. Ombati anajibu kila swali kwa haraka mno, kama mwanafunzi aliyekesha akisoma.

Wa tatu ni mama mwenye mvi na kofia pana, ambaye mkononi ana kioo kidogo chenye mpini mrefu. Anazunguka ndege polepole. Anaweka kiganja kwenye bawa na kukitembeza juu ya mafundo. Kisha anavua kofia, anaiweka kwenye nyasi, na kulala chali chini ya tumbo.

Emérence anamtazama Ombati. Ombati anatazama viatu vyake.

Mama yule anakaa huko chini muda mrefu. Tochi yake inakwenda mbele, inarudi nyuma. Anapotoka anauliza aliyeifunika ndege hii ni nani, na Ombati anamwonyesha Emérence kwa mkono wote, jinsi watu wa heshima wanavyoonyeshwa. Jaji anamgeukia na kumuuliza kazi ilikwendaje.

Angeweza kusema ilikwenda vizuri. Kiingereza cha kusema hivyo anacho.

"Two times," anasema Emérence, akiinua vidole viwili. "First time, I make mistake."

Ombati anafumba macho. "Nilitaka kumkanyaga mguu," atasema baadaye. "Unamwambiaje judge uli-make mistake? Ni kama kujipeleka polisi na chakula chako."

Jaji anauliza kosa gani. Kiingereza cha Emérence kinaishia hapo, kwa hiyo anashika pindo la sketi yake, analigeuza ndani nje, na kuonyesha kitambaa kilichokunjwa humo, vidole vitatu. Anajipapasa tumbo na kupanua mikono kuonyesha mwanamke anayenenepa. Kisha anaelekeza ndege na kutikisa kichwa. Jaji anakishika kile kitambaa, anakipima kwa vidole, na ghafla anacheka kwa sauti. Anauliza kama sketi ameishona mwenyewe. Anaambiwa ndiyo. Anaandika kitu, anavaa kofia yake, anakwenda kwenye ndege inayofuata.

Mchana huo ulikuwa mrefu. Ombati alikuwa na hakika wameshindwa. Zéphyrin alinunua soda akasahau kuzinywa. Emérence alikaa kwenye kiti cha kukunja chini ya bawa na hakuomba radhi kwa mtu.

"Ile ya kwanza iko kazi yangu, ile ya pili iko kazi yangu," aliniambia. "Nikificha moja, hata ingine siyo yangu."

Jioni, ukumbini, sahani za kuku zikiwa bado mezani, mtangazaji alifika kwenye daraja la ndege ndogo zilizotengenezwa mara tu baada ya Vita Vikuu vya Pili. Alitaja nafasi ya tatu, kisha ya pili. Halafu akasoma namba iliyopakwa mkiani mwa ndege ya Ombati, jina la mwenye ndege, jina la Hornback, na kwa shida, akilikata vipandevipande, jina la Emérence Nabintu wa Louisville.

Kigelegele alichopiga mama huyu, watu wa Ohio hawatakisahau upesi. Vichwa vyote viligeuka. Wazee wawili walisimama wakidhani kuna moto. Zéphyrin naye alishangilia, Ombati akapanda juu ya kiti, na mwandishi wa makala haya haoni aibu kukiri kwamba alipiga makofi hadi viganja vikawaka.

Hornback hakupiga makofi. Alikuwa ametoa leso na anaipanguza miwani isiyokuwa na vumbi. "Mke wangu alikuwa fundi hodari," alisema akiivaa tena. "Lakini hakuwahi kufumua tumbo zima wakati hakuna aliyemlazimisha. Wala mimi sijawahi."

*

Kabla ya kitindamlo kuletwa, wenye ndege wawili walikuwa wameshachukua namba ya simu ya Emérence. Wote ni wa klabu ya Ombati huko Buffalo. Wiki mbili baadaye alipanda basi kwenda kuziona ndege hizo, akalala kwa mdogo wake Jolie, anayeishi mtaa wa Lower West Side na kutunza wazee majumbani. Jolie alimsindikiza hadi bandani, akaingiza mkono kwenye bawa lililochanika, akamtazama yaya, yaani dada yake mkubwa.

"Yaya, banakupa hii yote? Na funguo ya banda?"

"Na funguo ya banda," Emérence akamjibu.

Ombati angependa ahamie Buffalo moja kwa moja, na anataja ubora wa shule na bei za nyumba kama dalali. Lakini Emérence anabaki Louisville. Hornback atafunga biashara, ila jengo hatalifunga. Emérence atakodi upande wenye madirisha, na mzee ameahidi kuja kukagua na kutia sahihi kwa miaka atakayokuwa na nguvu, mpaka mwanafunzi wake akamilishe muda unaotakiwa na kufanya mtihani wa leseni. Kitabu cha mtihani kipo jikoni kwake, na Zéphyrin humuuliza maswali wakati wa kuosha vyombo.

Anataka pia mikono mingine. Kwaya ya kanisa lao ina mafundi cherehani wanne, akiwamo Nyirangabo, aliyeshona magauni ya harusi Goma na ambaye sasa anabandika lebo kwenye ghala lilelile. Emérence ameshamwahidi nafasi ya kwanza bawa la Buffalo litakapofika Septemba.

Jumatatu baada ya Columbus, kabla ya zamu kuanza, alikwenda kwa msimamizi wake, kijana mpole aliyekuwa ameshika kikombe cha kahawa. Alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi yake ndani ya gari tangu nyumbani.

"Nikamwambia, two weeks, I finish. Akauliza unaenda wapi. Nikamwambia, I go to sew airplanes. Akanitazama. Akasema, say again?" Emérence anasimama katikati ya karakana, pasi mkononi, kichwa juu. "Nikarudilia polepole, neno kwa neno. Haiko sababu nilikosea Kingereza. Nilipenda tu kujisikia ninasema."